SOMO LA UFUNDI: SILENSA YA HEWA YA GARI



Wengi wetu tukisikia neno silensa, twafikiri ile ya nyuma ya gari, ya moshi. Lakini gari lina silensa nyingine mbele, upande wa kuvutia hewa. Ni kopo au boksi, siku hizi mara nyingi la plastiki, lililoungwa kwenye bomba linalopeleka hewa kwenye chujio. Halina waya, wala halina kitu kinachozunguka. Kwa sababu hiyo vijana wa gereji huliona kama uchafu wa kiwanda na kusema litolewe. Sisi tuliwasikiliza, na somo hili limetokana na hasara tuliyoipata.

Tulikuwa wanne, wote wa kiwanda kimoja, na tulichanga kwa ikimina kwa muda wa miaka 3 hata tukanunua pikapu kuukuu, Hilux ya petroli yenye silinda 4. Nia yetu ilikuwa kubeba viazi na mbao siku za mapumziko, ili mshahara upate mwenziwe. Gari lilitembea vizuri katika tambarare, lakini likipakia mzigo Nyabugogo na kuanza kupanda Muhima kuelekea mjini, lilihema kama mzee. Kijana mmoja wa gereji akafungua boneti, akagonga lile boksi kwa bisibisi, akasema: "Gari lenu linakabwa koo. Toeni hili, muweke bomba lishuke chini likavute hewa baridi."

Basi Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tukalitoa wenyewe uani. Tulikata bomba la asili kwa msumeno (kosa hilo ndilo linalotuuma zaidi), tukaunga bomba la plastiki la kupitishia maji ya nyumbani, mdomo wake ukaja nyuma ya bampa. Tulipowasha, injini ikanguruma kama simba. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Tukapanda mlima wa Muhima tukiwa na hakika kwamba gari limepata nguvu. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama saa, wala aliyepima petroli. Sikio ndilo lililotuambia, nasi tukaliamini.

Tuanze na kazi yenyewe ya chombo hicho. Injini haivuti hewa kwa mfululizo kama feni ya chumba cha kunyaushia majani ya chai. Inavuta kwa mikupuo, kila vali inapofunguka. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hufanya mikupuo 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kwa kila sekunde. Ikiwa ni injini ya lita 2, hewa inayopita hukaribia lita 3,000 kwa dakika pedali ikikanyagwa mpaka mwisho. Mikupuo hiyo hurudi nyuma katika bomba na kutoa mngurumo. Silensa ya hewa iliwekwa ili kuumeza mngurumo huo.

Inaumezaje? Chukua chupa tupu ya soda, upulizie juu ya mdomo wake. Italia sauti moja tu. Mimina maji mpaka nusu, sauti itapanda. Kila chombo chenye tumbo na shingo kina sauti yake, jambo lililochunguzwa na mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, katika karne ya 19. Sasa ukikichomeka chombo cha namna hiyo ubavuni mwa bomba, sauti iliyo sawa na yake huingia humo na kupotea. Ndugu msomaji aangalie neno hilo, ubavuni. Silensa ya namna hii ni kama chumba kisicho na mlango wa pili: hewa ya kwenda kwenye injini haipiti ndani yake. Ukiitoa, hukuongeza njia ya hewa hata kidogo. Umeondoa kinachomeza kelele, basi.

Zipo silensa nyingine ambazo hewa hupita ndani yake kweli, na huenda zikapunguza mkondo kidogo. Lakini waliounda injini walilipima bomba pamoja na silensa yake kama kitu kimoja, na mara nyingine ukiitoa, gari hupungukiwa nguvu kwenye mwendo mdogo, yaani pale pale panapohitajika mlimani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe wa pikapu yetu, maana ulikuwapo, ila haukuwa kwenye silensa. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi: kwa kipimo kile kile cha lita, uzito wake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko hewa ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna boksi utakalolitoa likairudisha. Tena gari la kabureta lililorekebishwa pwani, likifika Kigali huendelea kumwaga petroli kama liko pwani, hali hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinageuka nyeusi kwa masizi, gari linakula mafuta na linahema. Plagi zetu zilikuwa nyeusi kama makaa. Fundi mzee aliyetusaidia baadaye alizitazama kabla ya kugusa kitu kingine, akabadilisha jeti za kabureta. Kazi ya asubuhi moja tu.

Lakini kabla ya kumfikia fundi huyo tulikuwa tumekwisha umia. Wiki ya tatu mvua kubwa ikanyesha. Wakazi wa Kigali wanajua Nyabugogo inavyokuwa mvua ikinyesha hivyo: maji ya vilima hushuka kwa mfereji wa Mpazi na barabara hugeuka mto. Tukapita katika maji yaliyofika nusu ya gurudumu. Bomba la asili lilikuwa na mdomo wake juu, ndani ya madigadi. Letu lilikuwa chini, nyuma ya bampa. Injini ikavuta maji badala ya hewa. Hewa hushindilika ndani ya silinda, maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda ikakutana na maji, kitu fulani lazima kivunjike au kipinde. Kwetu ulipinda mkono wa pistoni. Matengenezo yalikula akiba ya miezi 11, na mwenzetu mmoja akaondoka katika umoja wetu kwa hasira. Hatukumlaumu.

Hata kama mvua isingenyesha, tulikuwa tunapoteza. Watu wengine huacha mdomo wa bomba ndani ya boneti, karibu na injini. Hewa ya humo ikifika nyuzi 60 za Selsiasi, wakati ya nje ni 25, uzito wake hupungua kwa asilimia 10 hivi. Nguvu inapungua huku mlio unaongezeka.

Na vumbi! Wenzetu wa mashamba ya chai na kahawa wanajua vumbi jekundu la barabara zao wakati wa kiangazi. Ndani yake mna chembe ngumu za mchanga, ambazo zikipita kwenye ufa mdogo kati ya chujio na injini husaga ringi na kuta za silinda kama msasa. Kwa hiyo mtu asiridhike kwamba chujio lipo. Atazame kila kiungo na kila klipu baada ya chujio. Katika magari yenye kipima hewa cha umeme, ufa wa baada ya kipimo hicho huingiza hewa isiyohesabiwa, injini ikatetemeka na taa ya hitilafu ikawaka. Aidha, katika magari ya kabureta, sanduku la chujio huzuia moto usitoke nje injini inapopiga chafya. Asiwepo wa kuendesha gari bila sanduku hilo.

Tuseme neno kwa madereva wa twegerane hasa. Katika Hiace injini iko chini ya viti vya mbele. Ukitoa silensa ya hewa, mngurumo wote unakaa chini ya kiti chako kuanzia alfajiri hadi usiku. Viwandani tunadai kinga ya masikio kelele ikifika desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Si busara dereva ajinunulie kelele kwa fedha yake, wala bosi amlazimishe kuipokea ili gari lisikike lina nguvu.

Ikiwa silensa imepasuka na hapana budi itolewe, itolewe hivi. Gari likae mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, injini imepoa, na waya hasi wa betri umefunguliwa, kwa kuwa feni ya umeme ya rejeta huweza kuanza yenyewe. Weka alama kwenye kila mpira kabla ya kuutoa, pamoja na ule mdogo wa pumzi za injini unaosahauliwa sana. Funika mdomo wa injini kwa kitambaa safi, na kitambaa hicho kihesabiwe kama daktari wa upasuaji anavyohesabu vyake. Tundu la ubavuni lizibwe kwa kizibo cha mpira kigumu kilichofungwa kwa klipu kutoka nje. Gundi na mifuko haifai, kwa sababu hufyonzwa ndani. Mdomo wa bomba ubaki pale pale ulipowekwa na kiwanda. Usikate kitu. Boksi la zamani litunzwe. Kisha washa, usikilize kama kuna mluzi kwenye viungo, na pima petroli kwa wiki 2 kabla ya kusema lolote juu ya nguvu. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2025 Rwanda inapima moshi wa magari, na mchanganyiko wa hewa na petroli ukiharibika, moshi nao huharibika.

Gari la kazi ni jambo jingine. Dereva akitoa silensa ya gari la mwajiri kwa nia njema, injini ikafa, ni yeye atakayeulizwa, hata kama meneja alitikisa kichwa kukubali. Aandike barua ya kuomba matengenezo, abaki na nakala yenye sahihi na tarehe, na nyingine aikabidhi kwa mwakilishi wa tawi.

Katika vikundi vya masomo, yafaa wenzetu wajadili maswali haya. Katika kiwanda au shamba lenu, nani huamua gari litengenezwe lini, na dereva husikilizwa? Na kelele ya kwenye viti vya mbele vya magari ya kubebea wafanyakazi imewahi kupimwa na nani?