Bunduki za Zamani za Jeshi: Jicho Si Kipimo

Bwana Mkulima, bunduki kuukuu ya jeshi yaweza kung'aa kama mpya, kumbe ndani ina hatari. Somo la mwezi huu latoka Marekani.

Viwanda vya serikali vya Springfield na Rock Island viliunda bunduki iitwayo M1903. Mafundi walikadiria moto wa chuma kwa kutazama rangi yake tu. Penye jua kali chuma chekundu huonekana cheusi kidogo. Basi walizidisha moto. Kila mhunzi ajua kwamba chuma kilichoungua huvunjika kama chungu. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki hizo zilipasuka zilipopigwa. Ndipo vikatumiwa vipimo vya joto. Kasoro hiyo haitengenezeki.

Kwa hiyo kumbuka:

1. Soma nambari. M1903 za Springfield zilizo chini ya 800,000, na za Rock Island zilizo chini ya 285,507, zisipigwe kabisa.
2. Tazama ndani ya mtutu. Ukizibwa na grisi ya ghalani au matope, waweza kupasuka.
3. Tumia risasi za aina yake tu.
4. Fundi wa bunduki aikague kabla ya risasi ya kwanza.

Mng'aro haulindi uso wala vidole.