Somo la Afya: Mgonjwa Yupi Hangoji Kuche

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba, somo letu leo ni la usiku. Mchana tunajua pa kwenda: kituo cha afya kiko wazi, muuguzi yupo. Taabu huanza jua likizama, mgonjwa yuko mkekani, nasi tunahesabu nauli na siku ya mshahara itakayokatwa.

Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa. Zamu yake ilikuwa ya alfajiri, akasema, "Tuone mpaka kesho." Usiku wa manane mtoto akashikwa na degedege. Wazee wakataka kumfukiza kwanza. Alipofikishwa kwa daktari hajitambui, na kipimo kikaonyesha malaria kali. Alipona, baada ya wiki nzima kitandani. Hatumlaumu baba, nani kati yetu hajawahi kusema maneno hayo?

Kosa letu ni kupima hatari kwa ukubwa wa kelele. Jino humliza mtu mzima usiku kucha, nalo laweza kungoja asubuhi. Mtoto wa malaria kali huenda amelala kimya tu, na huyo ndiye wa kukimbizwa. Tutazame dalili: degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, mtoto asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu, mjamzito anayetoka damu au anayeumwa kichwa sana na kuona kiza. Homa ya mtu anayekunywa na kuzungumza vizuri ipelekwe kituoni ikapimwe siku hiyo, au ikiwa ni usiku, kukicha. Siku tatu za vidonge vya dukani hapana.

Baada ya kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kipindupindu kilizuka mkoani kwetu. Kuhara kama maji ya mchele huua kwa saa chache. Mgonjwa aanze kunywa papo hapo, na aendelee njiani: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Kinywaji hicho ni cha safari, si cha kubaki nacho nyumbani.

Sasa kazini. Aliyeanguka mnazini asikalishwe. Abebwe amenyooka juu ya ubao au mlango, shingo isitikisike, hata akisema hajaumia. Mafuta ya ganda la korosho yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi robo saa, ndipo safari. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba. Mguu utulie, naye abebwe.

Usafiri wa aliyeumia kazini si hisani. Sheria ya Kazi ya Msumbiji inamtaka mwajiri atoe huduma ya kwanza na chombo cha kumfikisha hospitali. Tumwulize leo, kabla ya ajali: gari la usiku ni lipi, na ufunguo anao nani? Tuulize pia kituo gani kinapokea wagonjwa usiku, maana vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifunga vituo vingi.

Ukifika mlango ulioandikwa Banco de Socorros, anza na dalili: "Ameshikwa degedege mara mbili tangu magharibi." Habari za shangazi zije baadaye. Humo hawafuati nani alitangulia kufika, bali nani yuko hatarini zaidi. Mwingine akipitishwa mbele yako, usigombane na muuguzi. Na usisahau kadi ya mtoto, pamoja na vidonge vyote alivyokwisha kumeza.