Chakula Kamili na Afya ya Kudumu: Kwa Nini Kujinyima Hakutoshi

Familia nyingi za Waswahili zinapohamia Uingereza hubadili chakula kabla ya kubadili lugha. Mzazi arudiye kutoka kazini saa nne za usiku hana wasaa wa kuchagua choroko wala kupika kunde. Watoto wamezoea kuku wa kukaanga na chipsi za dukani, na soda imekaa mahali pa maji. Miaka michache ikipita, nguo hubana, daktari hutaja shinikizo la damu, na hapo ndipo mtu huanza kujinyima. Huacha wali na ugali kwa ghafla, hushinda na matunda matupu, au hunywa chai ya kupunguza tumbo aliyosifiwa na jamaa.

Uzito hupungua kweli katika majuma ya mwanzo. Lakini kinachopungua si mafuta peke yake. Maji na misuli navyo hupungua. Mwili ulionyimwa chakula hutumia nguvu kidogo zaidi na njaa huzidi, hivyo mtu anaporejea mazoea yake, na wengi hurejea, uzito nao hurejea. Baadhi ya chai hizo hutiwa sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha: humtoa mnywaji maji, si mafuta. Mwenye kisukari atumiaye insulini au aina fulani za vidonge yumo hatarini zaidi, kwani akiruka mlo sukari ya damu yaweza kushuka hadi akazirai.

Jambo hili ni zito kwa watu wenye asili ya Afrika na ya Asia Kusini. Kwao hatari ya kisukari cha aina ya pili huanza kupanda tangu umri wa miaka 25, ilhali kwa Wazungu huanza kupanda baada ya miaka 40.

Chakula kamili ni kile kilichobaki na sehemu zake za asili. Mfano mwepesi ni mahindi. Dona husagwa pamoja na ganda na kiini cha punje. Sembe huondolewa vyote viwili, na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini huondoka navyo. Unga mweupe uuzwao katika maduka ya vyakula vya Kiafrika mara nyingi ni wa namna ya sembe. Asiyepata dona anaweza kutumia unga wa mtama au ulezi, mchele usiokobolewa, au shayiri ya uji. Mtu mzima anahitaji gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na sahani ya maharage, dengu au mbaazi husaidia sana kuzifikia. Maharage mekundu makavu yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa mabichi yana sumu.

Mboga na matunda huhesabiwa kwa mafungu matano kwa siku, kila fungu gramu 80. Mchicha wa barafu wafaa sawa na ulio mbichi, na bei yake ni nafuu. Wengi hukosea hapa: muhogo, viazi mviringo na ndizi za kupika havimo katika hesabu hiyo, kwani ni vyakula vya wanga, viazi vitamu vimo.

Chumvi isizidi gramu 6 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na vyakula vya kopo. Vipande vya supu vitiwavyo mchuzini vina chumvi nyingi kuliko inavyodhaniwa. Vitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu huukoleza mchuzi pasipo madhara hayo. Tui la nazi halikatazwi, ila likiwa zito kila siku huongeza mafuta yasiyofaa moyo.

Atumiaye dawa za kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kubadili mlo wake au kufunga Ramadhani, ikiwezekana wiki kadhaa mapema, ili dawa zipangwe upya. Anayehitaji mkalimani amwombe wakati wa kuweka miadi. Huduma hiyo katika NHS ni ya bure, na mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake.