Kikombe cha Mizizi na Maradhi ya Sukari

Mti wa legetetwet tunaufahamu. Watoto hula matunda yake meusi wakichunga ng'ombe, na wazee huchemsha mizizi yake. Mti huo huo, kwa jina la mugariga, ndio uliofanya kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kijulikane kila mahali mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye watu walimwita Babu, aliwapa wagonjwa kikombe kimoja cha mizizi hiyo kwa shilingi 500 za huko. Alisema kinaponya UKIMWI, saratani, pumu na sukari. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na sisi Wakenya hatukubaki nyuma. Babu aliaga dunia mwaka 2021.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikwenda. Aliporudi akapimwa, na kweli sukari ilikuwa imeshuka. Basi vidonge akavitupa, nasi tukashangilia naye. Hapo ndipo tulipokosea. Miezi michache baadaye kidonda cha mguuni kilikataa kupona.

Hebu tujiulize, sukari ilishuka kwa nini? Mama alikaa njiani siku nne, akila kidogo sana na kutembea mwendo mrefu. Mwenye kisukari akikosa ugali na chai ya sukari siku zote hizo, kipimo kitashuka hata kama amekunywa maji ya mto tu. Tena, kipimo cha kidole kinaeleza saa ile peke yake. Kipo kingine cha damu kinachoonyesha hali ya miezi kama mitatu iliyopita, na huyo mama hakupimwa hicho.

Mwaka 1996 watafiti wa Misri walijaribu majani ya mti huu kwa panya wenye kisukari, na sukari ikashuka. Ni habari njema, lakini yalikuwa majani, si mizizi, na panya si mtu. Kwa watu, wagonjwa hugawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu moja hupewa dawa, la pili hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na wala mgonjwa wala anayempima hajui nani kapewa nini. Uyoga uitwao reishi, ambao unga wake unauzwa ati unatibu sukari, ulipimwa hivyo Australia kwa watu 84, wiki 16. Matokeo yalitoka mwaka 2016: waliopewa uyoga hawakuwashinda wenzao.

Hatusemi miti shamba ni bure. Metformini, kidonge ambacho wengi wenu mnameza, chanzo chake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya, na ilianza kutumiwa kwa wagonjwa Ufaransa mwaka 1957.

Kwa hiyo ukinywa mizizi, usiache vidonge wala sindano, na mwambie muuguzi bila kuona haya. Dawa mbili zinaweza kushusha sukari kupita kiasi: ukitetemeka na kutoka jasho, au kipimo kikiwa chini ya 4, kunywa maji ya sukari upesi. Pima asubuhi kabla ya kula, uandike kwa daftari pamoja na ulichokula jana. Yule mama anaandika mpaka keki za harusi.

Kwa mazungumzo katika jumuiya: Jirani akikuambia amepona sukari, utamuuliza nini kabla ya kushangilia?