Kusikia Hakutoshi: Somo kwa Wenye Kuwafundisha Wafanyakazi



Wengi wetu tumekwisha kuhudhuria mafundisho ya kuongeza ujuzi wa kazi. Mwalimu asimama mbele, asema tangu asubuhi hata jioni. Sisi twaandika katika daftari, na siku ya mwisho twapokea cheti. Tukirudi kazini, daftari lafungwa, nasi twatenda kama zamani. Je, dawa yake ni nini? Tutazame mfano mmoja wa kweli.

1. Dakika ya kwanza

Mtoto akizaliwa pasipo kupumua, mkunga ana dakika moja tu. Yampasa kumkausha, kumsugua mgongo, kumsafisha kinywa kikiwa kimeziba. Na asipopumua bado, kumsukumia hewa kwa mfuko wenye kifuniko cha uso. Hapo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Kile ambacho mikono haikijui, mtoto hatakipata.

Mwaka 2010 madaktari wa watoto wa Marekani, pamoja na wenzao, walitoa mafundisho yaitwayo Helping Babies Breathe, maana yake Kuwasaidia Watoto Wachanga Kupumua, kwa ajili ya mahali penye vyombo vichache.

2. Yaliyotokea Haydom

Mwezi wa Aprili 2010, wafanyakazi wa hospitali ya Haydom, kaskazini ya Tanzania, walipewa mafundisho hayo kwa siku moja. Nao hawakukaa kusikiliza tu, bali walijizoeza kwa mwanasesere. Miezi saba baadaye walijaribiwa tena. Kabla ya mafundisho, watu 18 tu katika 100 waliweza kumsaidia mwanasesere kupumua jinsi ipasavyo. Sasa waliweza 74 katika 100.

Je, tufurahi? Ngoja kwanza. Watazamaji waliokuwa katika chumba cha uzazi waliona ya kuwa, kwa watoto wenyewe, kazi haikubadilika. Ujuzi ulibaki kwa mwanasesere.

Basi, tangu Februari 2011 njia ikageuzwa. Wafanyakazi wakajizoeza dakika chache tu, lakini mara kwa mara, pale pale kazini. Mwaka uliotangulia, katika kila watoto 1000 waliozaliwa, 11,1 walifariki kabla ya kutimiza saa 24. Mwaka uliofuata walikuwa 7,2. Kulinganisha mwaka na mwaka hakuthibitishi kila kitu, kwani mengine nayo huweza kubadilika. Walakini ilionekana pia ya kuwa watoto wengi zaidi walisuguliwa na kusafishwa, na waliohitaji kusukumiwa hewa walipungua.

3. Maana yake kwetu

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni kusikia: huleta habari. Ya pili ni kutenda mara moja mbele ya mwalimu: huleta uwezo. Ya tatu ni kutenda tena na tena mahali pa kazi, huku mwenzako akikutazama na kukusahihisha: huleta mazoea. Wengi wetu twasimama katika ngazi ya kwanza na kudhani tumefika juu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

4. Yatupasa kufanya nini?

Wewe unayefundisha, punguza maneno. Ukiwa na saa moja, sema robo yake, kisha wape wanafunzi kazi ya kutenda. Usiulize, «Mmefahamu?», kwani wote watajibu, «Ndiyo.» Sema, «Nionyesheni.»

Wewe unayefundishwa, usingoje kuulizwa. Jioni funga daftari, jaribu kukumbuka mafundisho pasipo kusoma, ndipo ufungue uone uliyoyasahau. Tena mfundishe mwenzako aliyebaki kazini.

Wewe mkubwa wa kazi, usihesabu vyeti peke yake. Baada ya miezi michache nenda ukatazame: je, kazi imebadilika?

Maswali ya kujizoeza

1. Kwa nini mafundisho ya siku moja hayakutosha huko Haydom, ingawa wafanyakazi walishinda majaribio?
2. Taja jambo moja ulilofundishwa mwaka huu usilolitenda bado. Ni nini kinachokuzuia?
3. Chagua mwenzako mmoja. Juma hili jizoezeni jambo hilo dakika tano kila siku, mkisahihishana kwa upole.

Usigeuze ukurasa kabla ya kuchagua jina la mwenzako huyo.