Talaka ina gharama zake: nani analipa nini?



Tukizungumzia gharama za ndoa, kila mmoja wetu ana hesabu zake: mahari, nguo, walima, gari la bibi harusi. Gharama za talaka hatuzihesabu, kana kwamba kuachana ni neno moja na kipande cha karatasi. Lakini ukifungua mlango wa talaka katika vitabu vya fiqhi ya Kishafii tunavyosoma darasani, utakuta mambo ya mali kila ukurasa. Naandika kwa sababu wengi wetu tutaoa au kuolewa karibuni, na kwa sababu wanawake wengi hutoka katika ndoa mikono mitupu huku sheria imewawekea haki ambazo hawakuambiwa kuwa ni zao.

Tuanze na talaka inayotolewa na mume. Mzigo hapa ni wake. Kwanza ni mahari iliyobaki, ambayo ni deni kama deni lolote. Pili ni eda: twahara tatu kwa mwenye kupata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na mjamzito mpaka ajifungue. Katika talaka rejea mke hukaa katika nyumba ya ndoa, na chakula, mavazi na makazi ni juu ya mume. Suratut Talaq, aya ya 1, inakataza kumtoa nyumbani isipokuwa kwa uchafu ulio wazi. Kwetu Uganda mara ngapi tunaona mwanamke akipakiwa kwenye bodaboda na begi lake jioni ileile? Gharama ya eda basi inamwangukia baba yake, naye hakutoa talaka.

Tatu ni mut'a, yaani kiliwazo, iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 241. Hii ndiyo iliyosahaulika kabisa. Mashafii wanasema ni wajibu kwa mke aliyeachwa baada ya kuingiliwa, na wakikosa kuafikiana, kadhi hukadiria kwa kutazama hali za wote wawili. Wamependekeza isipungue dirhamu 30, ambazo ni karibu gramu 90 za fedha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mahari ilikuwa shilingi 2,000,000 na mume alitoa 500,000. Kodi ya nyumba ni 200,000 kwa mwezi, na matumizi ya mke ni 10,000 kwa siku. Eda ikichukua miezi mitatu, deni la mahari ni 1,500,000, kodi 600,000, matumizi 900,000. Hizo ni 3,000,000, na kiliwazo bado, na kama kuna watoto, matumizi yao yataendelea kuwa juu ya baba hata eda ikiisha.

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wanaume watafute mlango mwingine, na hapa ndipo ninapotaka dada zangu wasome kwa makini. Mume asiyetaka kulipa hamwachi mkewe. Humnunia, humnyima matumizi, hupotea wiki mbili, mpaka mke mwenyewe aseme: nipe talaka yangu, mahari nimekusamehe. Hiyo inaitwa khului, nayo ina asili katika sunna. Mke wa Thabit bin Qays alirudisha bustani aliyopewa mahari. Lakini yeye alieleza kwamba hakuwa na lawama juu ya dini wala tabia ya mumewe. Moyo wake tu ndio ulikataa. Khului iliwekwa kwa hali kama hiyo. Suratun Nisaa, aya ya 19, inakataza kuwabana wanawake ili warudishe walichopewa, na mke akithibitisha kuwa alilazimishwa, mali hurudishwa kwake.

Mke ambaye mume ameshindwa kumlisha ana njia ya tatu, fasakh. Kwa Mashafii, kadhi akithibitisha kuwa mume hana uwezo, humpa siku tatu, na asubuhi ya nne mke anaweza kuivunja ndoa. Hatakiwi kurudisha kitu, na mahari yake inabaki. Mume mwenye mali anayekataa tu ni jambo jingine: huyo hulazimishwa na kadhi kutoa. Kwa hiyo dada, kabla ya kutamka kwamba umesamehe mahari, mweleze kadhi kilichotokea tangu mwanzo, na usikubali mashemeji wakueleze wao.

Kwa ndugu zangu wa kiume: talaka moja katika twahara ambayo hamkukutana ndiyo ya sunna, nayo pia ndiyo nafuu. Ukimrejea ndani ya eda hulipi mahari mpya. Eda ikiisha mnahitaji ndoa mpya na mahari mpya. Anayetamka tatu kwa mpigo, kwa madhehebu zote nne, amefunga mlango huo. Na kama huna fedha zote kwa pamoja, omba kulipa kwa mafungu. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Kukana deni hakuna aya.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Hakikisheni cheti cha ndoa kinaonyesha mahari yote, iliyotolewa na iliyobaki, kwa tarakimu. Nimeona vyeti vimeandikwa "mahari: wameelewana", na mbele ya kadhi neno hilo halimsaidii mtu. Talaka ikitokea, ishuhudiwe na watu wawili waadilifu na isajiliwe. Sheria ya ndoa na talaka za Waislamu ya Uganda, ya mwaka 1906, inaitambua talaka iliyotolewa kwa mujibu wa sharia na kutaka iandikishwe. Katika maandishi hayohayo wekeni kiasi cha mahari iliyobaki, kodi ya miezi ya eda, kiliwazo, matumizi ya kila mtoto kwa mwezi, na tarehe ya kulipa kila kimoja. Kila upande ubaki na nakala yake.