Umilisi wa Kidijitali wa Mwalimu wa Sayansi: Kutoka Kifaa hadi Dhana

Mradi wa kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma nchini Kenya ulianza mwaka wa 2016. Aghalabu, mijadala kuhusu juhudi za aina hii huishia kwenye idadi ya vifaa. Makala haya yanashikilia kwamba umilisi wa kidijitali wa mwalimu wa sayansi haupimwi kwa uwezo wa kuwasha mashine, bali kwa uwezo wa kubainisha dhana inayoihitaji na isiyoihitaji.

Msimamo huu una mashiko ya kinadharia. Mwaka wa 1986, Lee Shulman alieleza kuwa kulijua somo hakutoshi. Sharti mwalimu ajue pia namna ya kulifanya lieleweke. Mwaka wa 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza maarifa ya teknolojia, wakisisitiza kuwa nguzo hizo tatu hutegemeana.

Tuchukue mfano wa somo la umeme. Wanafunzi wengi hudhani kwamba balbu hula umeme, hivyo balbu ya pili katika saketi ya mfuatano hupata mkondo hafifu. Mwalimu mbunifu huwataka kwanza watabiri, kisha waunde saketi kwa betri, nyaya na balbu mbili za aina moja. Wataona mwangaza ukilingana, lakini sababu haitaonekana kwa macho. Hapo ndipo programu za uigaji hufaa. Zile za PhET, zilizoasisiwa mwaka wa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, huonyesha elektroni zikipita kwa kasi ile ile katika saketi nzima. Aidha, zinaweza kupakuliwa na kutumiwa bila intaneti.

Hata hivyo, betri ya kwenye skrini haichakai, wala waya wake haulegei. Mwanafunzi asiyewahi kushika waya hatajua kutafuta hitilafu. Kwa hivyo, wito wa mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, bado una uzito: shughuli, majaribio na ufaraguzi.

Kutokana na hoja hizi, ni muhimu vyuo vya ualimu vivuke mafunzo ya kupiga chapa na kuandaa slaidi. Kila andalio la somo lijibu swali moja: mashine hii itamwonyesha mwanafunzi nini ambacho mikono yake haiwezi kumwonyesha? Pasipo jibu, mashine na ibaki kabatini.